Imani Inayotunzwa Nyumbani: Familia za Dini Galula na Mkoa wa Songwe

Katika bonde la Mto Songwe, kule Galula ambako mto unaelekea Ziwa Rukwa, ni nadra kumkuta mtu anayesema hakuna Mungu. Ndivyo ilivyo karibu nchi nzima. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya watu tisa katika kila kumi nchini Tanzania huiona dini kuwa jambo muhimu sana maishani mwao. Hata hivyo, imani ya familia yaweza kufifia pasipo mtu yeyote kuikana. Hufifia inapokosa nafasi: saa ya sala inapomezwa na kazi, siku ya ibada inapogeuka siku ya biashara, na mtoto anapokua bila mtu wa kumfundisha. Kwa hiyo familia inayotaka kuitunza imani yake ina kazi moja kubwa, nayo ni kuitengea nafasi hiyo na kuilinda.

Dini ilivyofika bondeni

Ukatoliki ulifika Galula kwa mkono wa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Lavigerie huko Algeria mwaka 1868. Mwaka 1885 mapadri hao walikabidhiwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kisha wakasonga hatua kwa hatua kuelekea Ufipa na bonde la Rukwa. Misheni ya Galula ni tunda la safari hiyo, iliyofanyika enzi za utawala wa Wajerumani. Upande wa milimani, Wamoraviani walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na kabla ya muongo huo kumalizika walikuwa wamefika Mbozi, katika nchi ya Wanyiha. Uislamu nao ulienea ukanda huu kwa njia za biashara, ukashika mizizi katika miji na vituo vya safari.

Mapadri Weupe hawakuwa na haraka ya kubatiza. Kanuni ya Lavigerie ilimtaka mtu mzima ajifunze kwa muda wa miaka minne kabla ya ubatizo. Katika miaka hiyo mwalimu wake wa karibu hakuwa padri bali katekista, mtu wa kijiji chake anayejua lugha, mashamba na misiba ya jirani zake. Mpaka leo, katika vigango vilivyo mbali na parokia, katekista ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili padri anapokuwa kigango kingine.

Uimara wa msingi wa namna hiyo ulionekana kwa Wamoraviani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliziteka nyanda za juu kusini, na wamisionari Wajerumani wa Kimoraviani wakaondolewa. Ilipita miaka kadhaa kabla ya wamisionari wao kuruhusiwa kurejea. Katika kipindi hicho wamisionari wa Uskoti waliokuwa Livingstonia, katika Malawi ya leo, walisaidia kwa sehemu, lakini kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa wazee, walimu na akina mama wa vijiji. Waumini walikutana, watoto walifundishwa, wafu walizikwa kwa sala. Kanisa lilidumu kwa sababu lilikwisha kuwa mali ya nyumba za watu.

Serikali isiyo na dini, wananchi wenye dini

Tanzania ni nchi ambayo serikali haina dini lakini wananchi wake wanazo. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuabudu na hata kubadili dini, na inaweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza watu dini zao. Mwaka 1969 shule nyingi zilizokuwa za misheni ziliwekwa chini ya serikali, na watoto wa dini zote wakaketi dawati moja.

Utaratibu huo umewapa Watanzania amani ambayo nchi nyingi zinaitamani. Kwa familia ya dini, hata hivyo, una maana nyingine pia. Shule ya umma hufundisha hesabu na sayansi; kipindi cha dini kipo kwenye ratiba, lakini hutegemea padri, mchungaji, katekista au ustadhi apatikane kuja kufundisha. Asipofika, watoto hukosa somo. Mzazi hawezi kuiachia shule kazi ya kumlea mtoto katika imani, wala sheria haimtarajii afanye hivyo. Malezi hayo ni jukumu la nyumbani.

Yanayobana nafasi ya imani

Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, ni mkoa wa shughuli. Wilaya ya Songwe, ilimo Galula, ina historia ndefu ya dhahabu, na mgodi wa Saza ulifanya kazi katika zama za ukoloni. Leo wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, kwa zamu, na zamu haijui Jumapili wala Ijumaa. Kijana anayepata fedha nyingi kwa siku moja na kukosa kabisa kwa mwezi mzima huanza kuishi kwa bahati. Huko machimboni imani hukutana na mshindani wa zamani: mganga anayeuza ndagu, yaani dawa za kishirikina, na kuahidi utajiri wa haraka. Mchimbaji wa namna hiyo hamkani Mungu. Anaanza tu kumtegemea mwingine.

Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, nao una mbio zake. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupanga foleni mpakani, na biashara huendelea usiku na mchana. Dereva anaweza kukaa wiki kadhaa mbali na watoto wake. Mkewe, mara nyingi mwenye duka au meza ya biashara, hufunga kazi watoto wakiwa wamekwisha kulala. Vijijini nako msimu wa mpunga na ufuta hupeleka familia kwenye kambi za shambani, mbali na kanisa na msikiti. Kisha ipo simu ya mkononi, inayoingia chumbani na kuchukua ile saa ya jioni ambayo zamani ilikuwa ya hadithi na sala.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho adui wa dini kwa asili yake. Dhahabu inajenga nyumba, mpaka unalisha watoto, simu inamuunganisha baba aliye safarini na mwanawe. Hatari huja pale shughuli zote zinapokuwa na saa zake, na Mungu akabakiziwa muda utakaosalia.

Saa ya nyumbani

Familia zinazofaulu kutunza imani zina jambo moja linalofanana: zina saa isiyohamishwa. Katika nyumba ya Kikatoliki yaweza kuwa sala ya jioni kabla ya kulala, au rozari katika mwezi wa Mei na wa Oktoba. Kengele ya Malaika wa Bwana, inayopigwa asubuhi, saa sita mchana na jioni, iliwazoeza watu wa misheni kuigawa siku kwa sala hata wakiwa shambani. Wamoraviani wana desturi ya Neno la Siku, aya ya Biblia iliyochaguliwa kwa kila siku ya mwaka. Kitabu cha maneno hayo kimechapishwa bila kukoma tangu mwaka 1731, na familia iliyo Mbozi husoma aya ileile inayosomwa siku hiyo na Wamoraviani wa mabara mengine.

Nyumba ya Kiislamu imewekewa saa zake na sala tano. Mtoto anayemwona baba akitawadha alfajiri, na mama akitandika mswala mara asikiapo adhana, hujifunza kabla hajaanza kusoma. Mwezi wa Ramadhani huigeuza ratiba nzima ya nyumba: daku, futari na tarawehe huwakusanya watu ambao katika miezi mingine kila mmoja hula kwa wakati wake.

Lugha imesaidia sana. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ilitoka kamili mwaka 1952, na tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ikakamilika mwaka 1969. Mzazi asiye msomi wa dini anaweza kuwasomea watoto na kuwaeleza kwa lugha wanayoizungumza. Dakika kumi zinatosha. Kinachomjenga mtoto ni kuona kwamba dakika hizo hazikosi, hata siku ambayo mvua imeharibu mazao au fedha imepungua.

Jumuiya na madrasa

Nyumba moja peke yake huchoka haraka. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya umoja wao, AMECEA, ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Familia jirani hukutana kwa zamu nyumbani kwa wanajumuiya, mara nyingi Jumamosi asubuhi, husoma injili ya Jumapili inayofuata, husali na kuulizana hali. Jumuiya ndiyo inayojua nani mgonjwa, nani amefiwa na nani ameacha kufika. Anayeomba ubatizo wa mtoto au ndoa huanzia kwa viongozi wa jumuiya yake. Makanisa mengine yana ibada za nyumba kwa nyumba zinazofanya kazi hiyohiyo.

Kwa Waislamu, nguzo ya malezi ni madrasa. Baada ya shule mtoto hubeba juzuu yake, akaanzia herufi, akaendelea na sura fupi za Juzuu Amma mpaka azihifadhi. Katika mji ambao Waislamu si wengi, madrasa humpa mtoto pia marafiki wanaofunga anapofunga, na hilo humwondolea upweke wa kuwa tofauti darasani.

Vyama vya kidini navyo vina sehemu yake. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanza mwaka 1972, huwakutanisha akina mama, ambao kwa desturi ndio walimu wa kwanza wa sala. Utoto Mtakatifu, shule ya Jumapili na kwaya huwapa watoto kazi za kufanya badala ya kukaa na kusikiliza tu. Mtoto aliyekwisha kuimba, kusoma somo au kuhudumia altareni huiona ibada kuwa yake.

Kijana anapoondoka nyumbani

Mtihani mkubwa huja kijana anapokwenda bweni, chuoni, mgodini au mjini. Wanafunzi wana vyama kama TYCS kwa Wakatoliki, UKWATA kwa Waprotestanti na TAMSYA kwa Waislamu, na mzazi mwenye busara humwelekeza mwanawe huko mapema. Lakini chama hakitoshi kwa kijana aliyeondoka na amri bila maelezo. Aliyezoea kuambiwa nyamaza kila alipouliza kwa nini tunasali, atajibiwa na watu wengine. Wazazi wanaosikiliza maswali na kukiri kwamba baadhi ni magumu huwapa watoto imani inayoweza kusafiri nao.

Mfano wa wazazi una uzito kuliko mahubiri. Kijana hupima dini kwa mizani ya dukani, kwa namna baba anavyomtendea mama, na kwa jinsi mfanyakazi wa shambani anavyolipwa. Nyumba yenye sala nyingi na haki kidogo hufundisha kwamba dini ni maneno. Ndoa za watu wa dini tofauti, zinazoruhusiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, zinahitaji zaidi haki na ukweli ndani ya nyumba: wazazi wakubaliane mapema watoto watalelewaje, na kila upande uheshimiwe.

Funzo kutoka Herrnhut

Wamoraviani waliokuja Rungwe na Mbozi walitumwa na kanisa lenye chimbuko Herrnhut, mji mdogo wa Saxony, mashariki mwa Ujerumani, ulioanzishwa mwaka 1722. Leo Tanzania ina Wamoraviani wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, wakati eneo la mashariki mwa Ujerumani ni miongoni mwa sehemu zenye waumini wachache zaidi. Mwaka 1950 zaidi ya watu tisa katika kila kumi huko walikuwa waumini wa makanisa. Kisha serikali ya kikomunisti ikaanzisha katikati ya miaka ya 1950 sherehe yake ya vijana ishindane na kipaimara, na familia zilizotaka watoto wao wasome na kupata kazi zikakubali. Ndani ya kizazi kimoja wazazi wengi waliacha kufundisha. Watoto wao walipokuwa wazazi hawakuwa na cha kurithisha, na uhuru uliporudi mwaka 1990 wengi wao hawakurudi kanisani.

Songwe haina serikali inayoizuia familia kusali. Ina shughuli nyingi tu, na shughuli zinaweza kuleta matokeo yaleyale bila mtu kulazimishwa. Kizazi kimoja kisichofundishwa kinatosha kukata mnyororo ulioungwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa hiyo mzazi wa Galula au Tunduma anayejali imani ya wajukuu wake asisubiri msimu wa mavuno upite wala mgodi utulie. Achague saa moja ya siku, aiite familia yake, simu ziwekwe kando, na saa hiyo isihamishwe tena.