Mbajuni wa upande gani?

Umetoroka vita, umefika London na unaomba hifadhi. Unawekwa kwenye simu na mtu aliye Sweden. Mnapiga stori dakika kadhaa hivi: kwenu wapi, mnavua samaki gani, harusi zenu zikoje. Baadaye ripoti inatoka: huyu si wa Somalia, anaongea kama mtu wa Kenya.

Wabajuni wengi wamepitia mtihani huo. Ukiwa Lamu unawajua: Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu, hadi Kiunga. Fika Ras Kamboni tu, uko Somalia, na bado ni Wabajuni: Chula, Koyama, Chovai, mpaka Kismayu. "Mtu" ni "mchu" huku na huku. Wanavua pamoja, wanaoana.

Na mpaka wenyewe ulichorwa na nani? Kismayu ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya hadi 1925, walipoipa Italia eneo la Jubaland. Leo ni Uingereza hiyo hiyo inayomuuliza mvuvi alizaliwa upande upi wa mstari wake. Jamani!

Kwa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, afisa hutazama kama una hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya kabila, dini, uraia, siasa au kundi lako. Lakini kwanza lazima aamini wewe ni nani. Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na Mbajuni aliyekimbia kwa mashua hakubeba pasipoti. Kilichobaki ni ulimi wake. Mwaka 2004, katika kesi iitwayo KS, baraza la rufaa la uhamiaji lilitoa mwongozo uliouweka uwezo wa kuongea Kibajuni katikati ya maamuzi.

Hapo ndipo mambo huharibika. Wabajuni wengi waliokimbia waliwekwa kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa, iliyofungwa 1997. Mtoto aliyekulia pale akicheza na watoto wa Mombasa ataongea vipi? Kimombasa, bila shaka. Lafudhi inaonyesha ulikokulia; pasipoti haiandikwi humo. Wataalamu wa lugha wenyewe walitoa tahadhari ya aina hiyo katika mwongozo wao wa 2004, lakini mwaka 2010, kwenye kesi ya RB, mahakama iliupa uzito mkubwa uchambuzi wa kampuni ya Sprakab ya Sweden.

Afueni kidogo ilikuja Mei 2014. Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikisikiliza kesi za watu wawili waliosema wanatoka Somalia, ilisema ripoti hizo zichunguzwe kwa makini, na mchambuzi wa lugha asijitie kuhukumu kama mtu anakijua kijiji chake bila kuonyesha utaalamu wake katika hilo. Haikuzipiga marufuku, lakini. Kwangu mimi, hiyo ni nusu ya kazi.

Maana ukikataliwa, shida ndiyo inaanza. Uingereza inasema wewe ni Mkenya. Kenya nayo itataka cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha mzazi kabla ya kukupokea. Huna. Ukitaja Chula, unaambiwa hilo lilishaamuliwa.