Vita ya vifuniko: jinsi ya kuwachezesha watoto askari mezani

Kila mzazi wa Bunia alishasikia makelele haya mbele ya nyumba: "Nilikupiga, ulishakufa!" Mwingine anajibu: "Apana, haukunipata!" Kisha unakuwa ugomvi wa kweli, na mmoja anarudi nyumbani analia.

Watoto wetu wanacheza vita na vipande vya mbao, na sisi wakubwa hatupendi kuwaona. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi mwezi Mei 2021, na mtoto mwenye bunduki ya mbao barabarani wakati wa jioni anaweza kuleta matata. Tena watoto wengine hapa walibeba bunduki za kweli, wale tuliowaita kadogo. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa kule La Haye ilimkuta Thomas Lubanga, aliyekuwa kiongozi wa UPC, na hatia ya kuingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia katika vita ya 2002 na 2003. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo.

Sasa, ni vizuri kumfundisha mtoto wa Bunia mchezo wa askari? Mimi nasema ndiyo, lakini mezani, na kwa sheria.

Mchezo wenyewe si mpya. Mwaka 1824, ofisa wa Prusia aitwaye Georg von Reisswitz alionyesha wakubwa wa jeshi mchezo wa kupanga vita juu ya ramani kwa kutumia dadu. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu Little Wars, cha kucheza na askari wadogo sakafuni. Aliandika kwamba ukicheza mara chache tu utaona vita ya kweli ilivyo upumbavu. Mwaka uliofuata vita kuu ikaanza, na mwaka 1916 askari wa Force Publique kutoka Kongo walipigana mpaka Tabora.

Hakuna haja ya kununua askari wa plastiki. Chukua vifuniko vya chupa, vile tunavyochezea dame, kumi vya rangi moja na kumi vya rangi nyingine. Vitabu ni vilima. Kamba ni mto, na kalamu iliyolala juu yake ni daraja. Ongeza dadu moja ya ludo na rula ya shule. Kwa mtoto wa miaka saba, anza na askari watano tu, la sivyo atachoka.

Kila mmoja anapanga askari wake upande wake wa meza, halafu wanacheza kwa zamu. Kwenye zamu yako, kila askari anatembea mpaka sentimita 15. Baada ya hapo, kila askari aliye karibu na adui, sentimita 20 au chini, anapiga: unatupa dadu mara moja. Ikitoka 5 au 6, adui anatoka mezani. Kama adui yuko nyuma ya kitabu, inatakiwa 6 peke yake. Hapo ndipo hesabu inaingia. Askari sita wakipiga watu walio wazi, kwa kawaida wawili hivi wanaanguka. Wakipiga walio nyuma ya kilima, mmoja. Mtoto anaelewa haraka kwa nini asikimbilie katikati ya uwanja. Na ule ugomvi wa "ulishakufa" unakwisha, sababu dadu ndiyo inasema.

Majina ya pande yawe Nyekundu na Buluu, basi. Mtoto akitaka kuita upande mmoja kwa jina la kabila au la kundi lenye silaha, simamisha mchezo. Hapo mzazi asilegee.

Mimi niliongeza maharagwe sita katikati ya meza. Hao ni wanakijiji. Huwezi kupiga kama kuna haragwe kati yako na adui, na ukiangusha askari unapata pointi moja. Lakini ukifikisha haragwe salama kwenye kiboksi cha kiberiti, yaani shule, unapata pointi mbili. Askari anayegusana na haragwe anatembea nalo. Baada ya zamu nane mnahesabu.

Nilijaribu na watoto wa dada yangu. Mdogo alikimbilia maharagwe. Mkubwa, miaka kumi na mbili, alipanga askari wake wote nyuma ya maharagwe na kuanza kucheka: hakuna aliyeweza kumpiga. Nilipomkaripia alinijibu, "Mujomba, sheria haikataze!" Ilikuwa kweli, haikukataza. Tulikaa wote watatu tukaandika nyingine: askari anayemaliza zamu karibu na haragwe, chini ya upana wa kiganja, bila kulisogeza kuelekea shule, anapoteza pointi moja. Mdogo alitaka ziwe tatu. Tukakubaliana mbili, na tukaanza upya.