Ufuo usio na bahari: Kwa miguu kupitia msitu wa Ndera

UKIWA kijana wa Pwani na ukasema unaenda ufuoni, kila mtu anajua ni wapi: Watamu, Diani, au Mambrui kama mfuko hauko sawa. Kuna muziki, kuna wa kukuuzia mabuyu, na picha utakayopiga ni ile ile aliyopiga binamu yako Desemba. Wacha nikwambie kuhusu ufuo mwingine ambao hauna hata moja ya hayo. Hauna hata bahari.

Uko Ndera, Kaunti ya Tana River, mahali ambapo mto unakunja kona. Kuufikia unatembea kama saa mbili, kwanza mashambani kisha msituni, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiende peke yako. Mimi nilienda na sahibu yangu wa tangu shule ya upili. Yeye ni Muorma, mimi ni Mpokomo. Kama hujui kwa nini nakutajia hilo, vumilia kidogo, tutafika.

Safari yenyewe si ngumu. Ukitoka Malindi unapanda gari la Hola au Garissa, unapita Garsen, unashuka kando ya lami na bodaboda inakuingiza kijijini. Nenda wakati wa kiangazi, kwa mfano Januari na Februari. Masika usijaribu, kwa sababu ufuo wote unakuwa chini ya maji. Vaa viatu vya kufunika na suruali ndefu, maana mbung'o wa huku hawaheshimu kaptula. Beba maji ya kunywa ya kutosha.

Na tafuta mwenyeji. Hili si la hiari. Jitambulishe kwa wazee, au uulizie walinzi wa Hifadhi ya Jamii ya Ndera. Sisi tulipewa mzee mmoja ambaye kazi yake ni kuchonga mitumbwi. Alituangalia viatu kwanza, kisha nyuso, kisha akasema, "Twendeni, wanangu, kabla jua halijawa kali." Ndiyo maelezo yote tuliyopata.

Nusu saa ya kwanza ni mashamba: mahindi, migomba, miembe mikubwa iliyopandwa na watu ambao hata wajukuu zao ni wazee sasa. Hapo nilimwona sahibu yangu ameanza kutembea nyuma yangu badala ya kando yangu. Sikumuuliza. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia aliinua kichwa, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akauliza tunakwenda wapi. Mzee akamjibu kwa Kipokomo. Mama akaenda chini ya mwembe, akarudi na maembe manne kwenye kanga. "Haya, wanangu. Ya njiani." Mawili akampa yeye, mkononi.

Kisha msitu unakumeza. Sitii chumvi: umetoka kwenye jua, hatua ishirini, na uko kwenye kivuli cha kijani kama ndani ya nyumba yenye mapazia. Mikuyu mikubwa, mikindu iliyosongamana, majani makavu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mimi nilikuwa nafurahi. Mwenzangu, ambaye amekulia kwenye uwanda nyuma ya ng'ombe, hakufurahi hata kidogo. "Hapa huoni mita kumi," akanong'ona. "Mtu anachunga vipi?" Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Shika simu yako tayari, lakini usipige kelele. Katika misitu hii, iliyobaki kwa vipande vipande kwenye urefu wa karibu kilomita 60 za mto, kuna aina mbili za nyani na kima ambazo hazipatikani popote pengine duniani. Mmoja ni mbega mwekundu wa Tana, anayekaa juu kabisa akitafuna majani. Mwingine ni mangabei wa Tana, mwenye kishungi cha nywele kichwani, ambaye hushuka chini na kuchakura kwenye majani makavu akitafuta mbegu. Wote wako kwenye hatari kubwa ya kutoweka. Sisi tuliwasikia mangabei kwanza, vishindo kama vya watoto wanaokimbia kwenye majani, kisha tukawaona saba au wanane. Mmoja alikuwa anakula tunda la mkindu. Sasa fikiria: mkindu huo huo ndio watu wanaokata ukili wa kusuka mikeka, na ndio wanaougema tembo. Si mambo rahisi. Mtu akikwambia eti wanakijiji waache tu kuutumia msitu, muulize yeye analalia nini.

Mwaka 1976 serikali ilitenga kilomita mraba 169 hivi kuwa hifadhi ya taifa kwa ajili ya wanyama hawa. Wenyeji wengi hawakuridhika, kesi ikafika mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi hiyo haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Nilipomuuliza mzee anaonaje, alinijibu kwa swali: "Wewe ukija kwangu ukanigawia chumba ndani ya nyumba yangu, nikushukuru?" Mimi nadhani ana haki. Nadhani pia bila mtu kuwalinda, wale mangabei hawatakuwepo mwanangu akifika umri wangu. Mawazo haya mawili nimetembea nayo na bado hayajapatana.

Halafu ghafla mwanga, na uko ufuoni.

Mchanga mweupe unaoelekea manjano, mpana kuliko uwanja wa mpira, laini, umekunjika kwa mawimbi madogo. Mbele yako Mto Tana, rangi ya chai ya maziwa, unapita polepole. Hakuna mtu. Hakuna chupa ya plastiki hata moja. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kuvua shati, maana kaptula ya kuogelea nilikuwa nimeivaa kwa ndani. Mzee akanishika bega na kunionyesha mtaro kwenye mchanga, upana wa gunia la makaa, ulioteremka mpaka kwenye maji. "Hiyo alama ya tumbo," akasema. "Alikuwa amelala hapa asubuhi." Mamba. Nikafunga vifungo vyangu vyote. Kwa hiyo usije ukasema hukuambiwa: ufuo huu ni wa kukaa, si wa kuogelea, na ukae mbali na ukingo wa maji.

Tukiwa tumeketi kivulini, mzee alitueleza jambo ambalo sijawahi kulifikiria. Kwenye kona, upande wa nje maji hukimbia na kuubomoa ukingo. Upande wa ndani maji hulegea, na hapo hutua mchanga. Gharika ikija tena, tope huja juu ya mchanga, miche huota, na baada ya miaka mingi panakuwa msitu. Mmoja wa miti inayotangulia kuota ni poplari wa Tana, ambao yeye huuchonga mitumbwi. "Kule mlikopita kivulini," akasema, "palikuwa ufuo."

Ndiyo maana gharika, inayotufukuza majumbani, ndiyo pia inayouzaa msitu. Na gharika zimebadilika tangu mabwawa ya umeme yajengwe huko juu, likiwemo Masinga lililokamilika 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa huzuia maji na tope. Gharika za kawaida, zile za kulisha ardhi, zimepungua. Zile kubwa bado zinakuja, kama zilizosomba mashamba na kuhamisha watu mwishoni mwa 2023 na tena 2024.

Wakati huu wote sahibu yangu hakuwa amesema neno. Alikuwa amesimama mwisho wa ufuo, akitazama njia pana iliyoshuka mtoni kutoka upande wa pili wa msitu, imechimbwa na kwato. "Hii ni malka," akasema. Malka ni njia ya mifugo kufika majini. "Nimewahi kuja hapa na baba. Wakati wa ukame, nikiwa mdogo. Nilikwambia habari za mahali hapa tukiwa kidato cha pili."

Alikuwa ameniambia kweli. Na mimi nilikuwa nimemwambia habari za mahali babu alikokuwa akinipeleka kuvua kambare. Miaka minne tulikaa dawati moja tukisimuliana ufuo mmoja. Kwao una jina lake, kwetu una jina lake.

Sasa ndipo tulipofika. Kuanzia Agosti 2012 hadi mapema 2013, kule chini kwenye delta, Wapokomo na Waorma waliuana. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto. Siasa zilikuwepo, lakini ugomvi wenyewe ni wa siku zote: mkulima amelima mpaka mtoni, ng'ombe wanakufa kiu, malka imezibwa na shamba, shamba limekanyagwa na ng'ombe. Sisi tulikuwa wadogo. "Baada ya hapo baba hakunileta tena," akasema. "Alisema huku hatuna njia." Mimi pia nakumbuka babu aliniambia huku hakuna tena samaki. Leo ndiyo nimeelewa.

Hatukulizungumza zaidi ya hapo. Tulikula maembe.

Mwendo wa saa tisa mzee alisema tuondoke kabla viboko hawajaanza kutoka kwenye maji. Nawe panga hivyo hivyo, usingoje machweo kwa sababu ya picha. Tulipokuwa tunafunga mikoba, ng'ombe walianza kushuka kwa ile malka, mmoja mmoja, na nyuma yao kijana wa miaka kumi na minne hivi mwenye fimbo mabegani. Alituona akasimama. Akaita kwa Kiorma. Sahibu yangu akajibu. Wakaulizana na kujibizana kwa muda, yule kijana akinitupia macho kila mara.

Tulipoingia tena kivulini nikamuuliza walikuwa wanasemaje.

"Ameuliza nimepitia wapi. Nimemwambia mashambani."

"Halafu?"

"Akauliza kama nilifukuzwa. Nikamwambia nilipewa maembe."