Sahani ya bangoni, sinia la Ujiji

Mabango ya lishe kwa wenye kisukari hayatofautiani sana, uwe Dar es Salaam au Kigoma. Imechorwa sahani ya duara: nusu mboga za majani, robo wanga, robo samaki, nyama au maharage. Pembeni glasi ya maji na kipande cha tunda. Nililiona moja limebandikwa ukutani kwenye zahanati ya Ujiji, na swali likanikaa kichwani mpaka jioni: hapa nani anakula kwenye sahani?

Nyumba nyingi za Ujiji, na za vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, bado zinapakua ugali kwenye sinia. Wanaume na lao, kina mama na watoto na lao. Katikati bonge la ugali wa muhogo linalofuka moshi, pembeni bakuli la samaki aina ya migebuka na bakuli la sombe (kisamvu) iliyoungwa kwa mawese. Kila mtu anakula upande wake. Anamega, anafinyanga, anabonyeza kwa dole gumba, anatowelea, anameza. Ukimuuliza amekula kiasi gani, atakwambia ameshiba au hakushiba. Jibu jingine hana, maana robo ya sinia la watu watano si ya mtu yeyote.

Niliyempelekea swali hilo ni muuguzi mstaafu aliyehudumu miaka mingi kliniki, na ambaye ameomba jina lake lisiandikwe. Wagonjwa wanamfuata mpaka barazani kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea mkeka.

"Mwanangu, watu wangu wanajua," alianza kabla sijamaliza kuuliza. "Usiandike kwamba hawajui. Soda wameacha. Sukari kwenye chai wameacha. Wanayajua majina ya vyakula vyote walivyokatazwa. Wasichopewa ni kipimo."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Yupo anayekunywa chai chungu asubuhi, kisha mchana anamaliza ugali wa watu wawili, kwa kuwa ugali hauna utamu. Yupo aliyeacha sembe akahamia muhogo, akiamini kinachochimbwa ardhini hakina sukari. Yupo aliyeiweka sukari pembeni akachukua asali ya Kibondo, kwa sababu asali ni dawa. Hakuwacheka hata mmoja. Alisema kila mmoja wao amefuata masharti kwa namna alivyoyasikia.

Sayansi ya jambo hili ni fupi. Wanga wowote, uwe wa mahindi, muhogo, wali au ndizi, tumboni huvunjwa ukawa sukari. Gramu 100 za unga mkavu wa muhogo zina zaidi ya gramu 80 za wanga, huku protini ikiwa kidogo mno, chini hata ya ile ya mahindi. Asali nayo sehemu yake kubwa ni sukari. Mawese hayapandishi sukari moja kwa moja, lakini gramu moja ya mafuta ina kalori 9 ilhali ya wanga ina 4, na karibu nusu ya mawese ni mafuta yale ambayo wenye kisukari, walio karibu zaidi na maradhi ya moyo, wanashauriwa kuyapunguza.

Mchana ulipoiva, sinia likaletwa. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho bango halina.

Tulinawa. Yeye akafumba ngumi ya mkono wa kushoto, akaiweka juu ya goti lake, karibu na ukingo wa sinia. "Kipimo ni hiki. Mkono wa kulia una kazi ya kula, wa kushoto haugusi chakula, basi ukae hapa utazamwe." Kisha kwa ubavu wa kiganja cha kulia akalikata bonge, akavuta upande wake kipande kilicholingana na ile ngumi. Akakisawazisha juu, akaacha mfereji mwembamba kati ya kipande chake na bonge la wengine. Ugali wa muhogo unanata na kuvutika. Ukiuacha hivi hivi unarudi kuungana. Akaupitishia mfereji kidole mara ya pili, taratibu, mpaka chini ya sinia ikaonekana.

"Huo ndio mpaka wangu. Ng'ambo ile si shamba langu."

Hakuanza na ugali. Alichota sombe, akala, akachota tena. Akachambua samaki, akala. Ndipo akamega tonge, dogo, lisilozidi kifundo cha dole gumba, akalibonyeza shimo kubwa kuliko tonge lenyewe na kulijaza mboga. Alilitafuna. Nasema alilitafuna kwa sababu sisi wengine tulikuwa tunameza. Ugali wa muhogo hushuka wenyewe, na tonge la tatu linafika kabla tumbo halijapata habari za la kwanza. Kipande chake kilipokwisha akalamba vidole, akatulia, akaendelea na mazungumzo kama mtu yeyote aliyeshiba.

Kupima chakula kwa mkono si uganga wa barazani. Ipo njia inayojulikana kwa jina la Zimbabwe, ambayo walimu wa kisukari wameifundisha hadi Canada: ngumi kwa wanga, kiganja kwa samaki au nyama, viganja viwili kwa mboga, ncha ya dole gumba kwa mafuta. Mama huyu ameileta kwenye sinia, akatatua shida ambayo wachora sahani hawakuiwazia.

Shida yenyewe ni adabu. Mtoto wa mwambao anafundishwa mapema: ugali mwingi, kitoweo kidogo. Samaki haparamiwi. Anaachwa mpaka mwisho, mkubwa wa sinia ndiye anayegawa. Anayechota mboga mara mbili kabla ya kumega tonge anaitwa mlafi, na jina hilo halifutiki. Sasa msomee tena mgonjwa ushauri wa kliniki: anza na mboga, zidisha mboga, kula samaki, punguza ugali. Kila sharti la afya yake ni utovu wa adabu kwenye sinia.

"Ndiyo maana simfundishi mgonjwa peke yake," alisema. "Naita nyumba nzima. Naye mwenye sinia aseme mbele ya wote: huyu ataanza na mboga, na asitazamwe."

Nilimuuliza kwa nini asitengewe tu sahani yake. Alinitazama kidogo. Akanisimulia habari za mama mmoja aliyetengewa sahani na wanawe kwa nia njema kabisa. Wajukuu wakaanza kuuliza kama ugonjwa wa bibi unaambukiza. Yule mama akairudisha sahani kabatini, akarudi kwenye sinia, akala kama zamani. Sukari ikapanda. "Alichagua watu wake," alisema muuguzi. "Mimi nani nimlaumu?"

Tatizo hili si la watu wachache tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, wa timu ya Profesa Donald McLarty na wenzake wa Tanzania, ulikuta kisukari vijijini kiko chini ya asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64. Nchi nzima imebadilika, nasi tunawajibu wagonjwa kwa mchoro mmoja.

Nilimuuliza kama ana uthibitisho kwamba ngumi inafanya kazi. "Nina madaftari yao," alijibu. "Wapo walioshuka. Wapo waliogoma kushuka." Hajawahi kupata vijiti vya kutosha kuwapima watu kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, kila siku, ili ajue hasa. Kijiti hutumika mara moja tu, na ni cha kununua.

Yapo mengine ambayo hata yeye hana jibu lake. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza na taa zao, wakalala mchana. Mbalamwezi ikitoka, wanapumzika na kula kwa saa za watu wote. Dawa imeandikwa asubuhi na jioni. Asubuhi ya nani? Mvuvi akimeza glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, kisha akakaa usiku kucha bila kula, sukari inaweza kushuka akiwa katikati ya maji. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ile robo ya samaki ilipaswa kutoka wapi kwa asiye na fedha ya nyama? Na kwa nini mwenye mtumbwi auze dagaa wote ili anunue unga, halafu tumwambie apunguze unga?

Ramadhani nayo ina sinia lake: magimbi, mihogo, viazi vitamu, tambi na tende kwa pamoja. Hapo muuguzi ana neno moja analolirudia kwa ukali. Anayetaka kufunga aende kwanza kwa daktari wake kabla mwezi haujaandama, na sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L afuturu hapo hapo, iwe saa sita au saa tisa mchana.

Kwa maoni yangu, wataalamu wa lishe wa mkoa wa Kigoma hawana haja ya kuwafundisha watu wa Ujiji majina ya vyakula. Wachore sinia, waonyeshe mfereji na ngumi. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mwenye kisukari, ongeza bakuli la mboga, mwache aanze nalo, na usimwite mlafi. Usimtengee sahani kabla hujamuuliza kama anaitaka.