Jioni ya kokteli hotelini: Yaliyomo ndani ya glasi, na kwa nini bei ni kubwa

KATA ya Itiryo iko wilayani Tarime, mkoani Mara, katika wilaya inayopakana na Kenya. Huko wazee walizoea kuketi kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake, mkubwa akitangulia na mdogo akisubiri. Katika wilaya jirani ya Serengeti, mkoani humohumo, ziko hoteli za kitalii zinazohesabiwa miongoni mwa ghali zaidi barani Afrika, zikiwamo za Singita katika eneo la Grumeti. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ipo pia hoteli ya Four Seasons, ambayo awali ilijulikana kwa jina la Bilila.

Umbali kati ya chungu na kaunta ya hoteli hizo si mkubwa kwa kilomita, ila ni mkubwa kwa mazoea. Hata hivyo, vijana wa Mara huajiriwa katika hoteli kama hizo, wafanyabiashara na viongozi hualikwa kwenye semina Mwanza, Arusha na Dar es Salaam, na jioni inapofika hujikuta mbele ya orodha ndefu ya vinywaji ambavyo majina yake hayaelezi kilichomo. Makala haya yanaeleza kokteli ni nini, fedha za mteja huenda wapi, na hatari zipi huletwa na glasi iliyopambwa kwa kipande cha nanasi.

Kokteli ni nini?

Kokteli ni mchanganyiko wa pombe kali na vitu vingine, kama vile maji ya limau, sukari, asali, juisi, soda au matone ya dawa chungu za mitishamba. Maelezo ya mwanzo kabisa kuchapishwa yalitokea katika gazeti moja la jimbo la New York, Marekani, Mei 13, 1806. Gazeti hilo lilitaja vitu vinne: pombe kali, sukari, maji na uchungu wa mitishamba. Kitabu cha kwanza cha wahudumu wa baa chenye kanuni za kuchanganya vinywaji hivyo kilitolewa mwaka 1862 na Mmarekani Jerry Thomas.

Afrika Mashariki nayo imechangia jina. Kokteli iitwayo Dawa ilipata umaarufu katika mgahawa wa Carnivore jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Ni vodka, ndimu, barafu na asali iliyozungushwa kwenye kijiti. Chimbuko lake ni kinywaji cha Brazil, lakini leo hukosi kuikuta katika hoteli nyingi za kitalii kutoka Mombasa hadi Zanzibar.

Jina hilo lisimdanganye mtu, kwani haitibu chochote. Ndivyo ilivyo pia kwa jini na soda ya toniki. Ni kweli kwamba toniki ilianza kama njia ya kumeza kwinini dhidi ya malaria, lakini toniki ya leo ina kwinini kidogo mno. Nchini Marekani sheria inaruhusu isizidi miligramu 83 kwa lita. Mtu mzima aliyekuwa akitibiwa kwa vidonge vya kwinini alimeza takriban miligramu 1,800 kwa siku. Angehitaji kunywa zaidi ya lita 20 za toniki kila siku ili kufikia kiasi hicho. Mwenye homa anapaswa kwenda kupimwa zahanati, si baa.

Kwa nini bei ni kubwa?

Glasi moja ya kokteli kwa kawaida hubeba toti mbili za pombe kali, yaani kama mililita 60. Mzinga wa mililita 750 hutoa glasi 12 tu za namna hiyo. Mteja akipiga hesabu ya bei ya mzinga dukani, huona amepunjwa. Lakini bili yake haikulipia pombe pekee.

Kwanza kuna kodi. Vinywaji vikali hutozwa ushuru wa bidhaa, vile vinavyoagizwa nje hutozwa pia ushuru wa forodha, na juu ya hayo ipo Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Pili kuna barafu safi, matunda mabichi, glasi zinazovunjika na mshahara wa mhudumu aliyefundishwa kupima na kuchanganya. Tatu ni mahali penyewe. Katika hoteli ya Kilimanjaro jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1965, ikakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2005 chini ya Kempinski kabla ya kuingia chini ya Hyatt, baa ya ghorofa ya nane inatazama bandari. Mandhari hayo hayaandikwi kwenye bili, lakini yamo ndani yake.

Kwa sababu hiyo, mgeni asione haya kuuliza bei kabla ya kuagiza. Aulize pia kama kodi na gharama ya huduma vimejumlishwa katika bei iliyoandikwa, na adai risiti.

Utamu unaoficha

Hatari ya kwanza ya kokteli ni kwamba haina ladha ya kilichomo. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia tano ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Kokteli ya toti mbili za pombe ya asilimia 40 ina gramu 19. Ile iitwayo Long Island Iced Tea, ambayo licha ya jina lake haina chai hata tone, huchanganya aina tano za pombe na hufikia karibu gramu 24. Mnywaji huimaliza kwa dakika chache kama juisi.

Ini la mtu mzima huondoa wastani wa gramu saba hadi kumi kwa saa. Kahawa, maji baridi ya kuoga au upepo wa baharini haviharakishi kazi hiyo. Chakula kabla ya kunywa hupunguza kasi ya kilevi kuingia mwilini, bali hakikifuti.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu ya dereva. Glasi mbili za aina hiyo ndani ya saa moja zinaweza kumvusha mtu mpaka huo, naye akaamini bado yuko timamu. Usafiri wa kurudi nyumbani upangwe kabla ya glasi ya kwanza, akili ingali yote.

Gongo na kokteli

Kilevi kilichomo katika kokteli ya hotelini na kilichomo katika gongo ni kitu kimoja. Tanzania ilipiga marufuku utengenezaji holela wa gongo kwa sheria ya mwaka 1966, ambayo inaiita kinywaji hicho moshi. Ng'ambo ya mpaka, Kenya iliiruhusu chang'aa mwaka 2010, mradi itengenezwe na kufungashwa kwa viwango. Pombe za viroba zilipigwa marufuku nchini Machi 1, 2017.

Tofauti kubwa ya kiafya ni uhakika wa kilichomo. Walaghai huongeza methanoli ya viwandani ili kuzidisha ukali. Mwilini methanoli hugeuka kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho na kuua. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi kwa pombe ya namna hiyo. Lakini wateja wa sehemu za kitalii hawakukingwa: Novemba 2024, watalii sita walikufa nchini Laos baada ya kunywa pombe iliyoshukiwa kuwa na methanoli.

Kwa kuwa juisi huficha ladha mbaya, mteja ana haki ya kuona chupa yenye lebo na stempu ikimiminwa mbele yake. Akiinuka kwenda msalani, amwachie glasi mtu anayemwamini au aagize nyingine, kwani wezi hutia dawa za usingizi katika vinywaji. Anayepata ukungu machoni, kutapika au kupumua kwa shida saa kadhaa baada ya kunywa, akimbizwe hospitali usiku huohuo. Kungoja asubuhi ipambazuke kwa kudhani ni uchovu wa pombe kumewapofusha wengi.

Na ambaye hanywi pombe hana sababu ya kujitenga. Baa nzuri humchanganyia tangawizi, ndimu na asali bila kilevi. Kwenye chungu cha ulezi wazee walijua nani anywe, wakati gani na kwa kiasi gani. Kwenye kaunta ya hoteli hakuna mzee wa kumzuia mtu. Kipimo hicho ni lazima aende nacho mwenyewe.