Simu ya Mama: Dada Wawili, Akiba ya Siri na Saini Mbili

Mama akifariki, simu yake haifi siku hiyo hiyo. Inaendelea kulia ndani ya mkoba. Chama kinatuma ujumbe wa mkutano. Mtu wa mbali ambaye hajapata habari anapiga kumsalimia. Na ndani ya laini ile huenda kuna pesa ambazo hakuna mtoto hata mmoja aliyejua kwamba zipo.

Leo tunazungumzia pesa hizo. Tutatumia mfano wa dada wawili wa hapa Mombasa bara, mmoja Likoni, mwingine Kisauni. Mfano huu tumeutunga sisi, si kisa cha mteja fulani. Lakini ukiusoma huenda ukaiona familia unayoijua, pengine hata yako. Tutawaita Mkubwa na Mdogo.

Karibu miaka miwili bila salamu

Mdogo anaishi na mama yao Mtongwe, upande wa Likoni. Asubuhi anauza viazi karai na bajia karibu na barabara ya feri. Mkubwa ameolewa Mtopanga, Kisauni, na ana kazi ya mshahara. Kila mwezi anamtumia mama shilingi 2,000 kwa simu. Hakosi.

Siku moja Mkubwa anakuja kumtembelea mama. Anakuta bati linavuja na dawa za presha zimechukuliwa kwa deni. Anamgeukia mdogo wake. "Pesa ninazotuma kila mwezi zinaenda wapi?" Mdogo hana jibu, kwa sababu hajui. Lakini PIN ya mama anaijua, maana ndiye humnunulia kredo. Kwa Mkubwa, hilo peke yake ni jibu tosha.

Mama anasema neno moja tu: "Pesa zipo, mwanangu." Mkubwa anadhani mama anamfichia mdogo wake aibu. Maneno yanakuwa makali, ya aina ile ambayo ukishayatoa hayarudi. Tangu siku hiyo, karibu miaka miwili, dada hawa hawasalimiani. Idi inapita, harusi ya binamu inapita, kila mmoja na mkeka wake. Mkubwa anaendelea kutuma zile 2,000, lakini kwenda Mtongwe anakwenda tu akijua mdogo wake yuko barabarani anauza.

Kisha mama anafariki.

Usiku wa matanga, na ushauri mbaya

Usiku wa pili simu ya mama inaingia ujumbe. Mdogo anausoma mara mbili. Unataja akaunti ya akiba, na hakuwahi kusikia kwamba mama ana akiba. Jamaa mmoja aliye karibu anaona na kumnong'oneza: "PIN si unaijua? Toa zote kesho asubuhi kabla laini haijafungwa. Ukichelewa, kampuni inazila."

Ushauri huu tunausikia sana, na ni mbaya kwa sababu tatu.

Kwanza, pesa za marehemu si za aliyeshika simu. Tangu mama alipovuta pumzi ya mwisho, ni mirathi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kinakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Mwenye kuzitoa anaweza pia kutakiwa azirudishe kwa warithi.

Pili, kampuni haizili. Pesa zikikaa muda mrefu bila mwenyewe kuonekana, sheria ya mwaka 2011 inataka zipelekwe kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, ile inayojulikana kama UFAA. Huko zinangoja mwenyewe au warithi wake. Unaweza kutafuta kwa kupiga *361#. Kwa hiyo hakuna mbio za usiku. Kuna karatasi za kufuatilia tu.

Tatu, kila unapotoa pesa, alama inabaki. Tarehe, saa, kiasi na ajenti vinaandikwa. Ukitoa pesa za mama siku ya pili ya matanga, hata kama ulinunulia sukari ya wageni, ndugu yako ataiona tarehe hiyo siku moja. Na huenda asikuulize. Ataamua tu.

Katika mfano wetu, Mdogo anaizima simu, anaifunga kwenye leso na kumpa mjomba, ndugu wa mama, mbele ya watu wawili. Hajui kuna shilingi ngapi. Anachojua ni kwamba ameshaitwa mwizi mara moja.

Karani anauliza: wengine wako wapi?

Baada ya arubaini Mdogo anaanza kufuatilia. Anakwenda kwa chifu kuomba barua ya kuwatambua warithi. Chifu anamuuliza: "Watoto ni wangapi?" Wawili. "Mwenzako yuko wapi?"

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na hapa ndipo tunataka usome polepole. Urithi hauendeshwi na mtoto mmoja kimyakimya. Barua ya chifu inataja warithi wote. Mahakamani, mtu mwenye haki sawa na yako lazima ajulishwe kabla hujapewa usimamizi, na kwa kawaida atatakiwa kutia saini ya kukubali. Ombi likienda mahakama ya kawaida, tangazo huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 kulileta. Ukimficha dada yako, kesi yako imeanza na ufa.

Kwa hiyo Mdogo anapiga simu. Nambari bado anaikumbuka kichwani.

"Shikamoo, dada."

Kimya kidogo. "Marahaba."

"Mama ameacha kitu kwenye simu. Wanataka kitambulisho chako na saini yako. Bila wewe haiendi."

"Kiasi gani?"

"Sijui. Sijafungua. Simu iko kwa mjomba."

Kimya tena, kirefu zaidi. Kisha Mkubwa anasema: "Nitavuka kesho."

Kutoka Kisauni unapita daraja la Nyali, unaingia kisiwani, kisha unashuka feri. Ni safari ambayo Mkubwa aliijua tangu utotoni na ambayo kwa karibu miaka miwili alikuwa akiifanya kwa kujificha. Pale kwa chifu dada wanakaa benchi moja, mjomba katikati. Hawajapatana. Wametia saini tu.

Kile ambacho stetimenti ilisema

Mama alikuwa Mwislamu na warithi wote ni Waislamu, kwa hiyo wanakwenda Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010, Ibara ya 170, inaipa uwezo wa kusikiliza mambo ya mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa hapo. Wakishapata hati, wanakuja dukani wote watatu. Mhudumu anawachapishia taarifa ya akaunti.

Karatasi hizo hazina maneno mengi. Tarehe, kiasi, salio. Lakini Mkubwa anafuata kwa kidole: 2,000 zimeingia kutoka kwake. Jioni ile ile, 2,000 zimehamia akiba. Mwezi unaofuata, vivyo hivyo. Miezi 31, mstari baada ya mstari. Hakuna hata senti iliyotolewa kwa ajenti. Jumla 62,000, na nyingine 1,400 kwenye laini ya kawaida. Baadaye mweka hazina wa chama cha mama analeta daftari: hisa zake ni shilingi 96,600. Zote pamoja, 160,000.

Basi chakula cha mama, dawa zake, umeme, nani alilipa? Jibu halikuandikwa kwenye stetimenti yoyote. Lilikuwa kwenye karai la viazi.

Kwa nini mama aliificha akiba hata wanawe wakagombana? Hakuandika popote, na sisi hatutamsemea. Lakini lile neno lake, "pesa zipo", lilikuwa kweli kabisa, na hakuna aliyelisikia.

Mkubwa hapigi magoti wala halii kama kwenye filamu. Anakunja zile karatasi na kusema: "Deni la dawa bado liko?" Mdogo anasema bado. "Tuanze na hilo."

Pesa zinagawanywa vipi?

Tuanze na hilo ni sawa hata kisheria. Gharama za maziko na madeni ya marehemu hutangulia, ndipo warithi wapate. Tuseme kwa dada wetu madeni ni 10,000. Zinabaki 150,000.

Kwa sheria ya Kiislamu, mabinti wawili wasio na kaka wanapata theluthi mbili pamoja. Baba yao na wazazi wa mama wameshatangulia, kwa hiyo kinachobaki kinakwenda kwa ndugu wa mama. Mkubwa 50,000, Mdogo 50,000, mjomba 50,000. Mjomba akitaka kuwaachia wapwa zake fungu lake, anaweza, lakini kwa hiari yake.

Kama mama hangekuwa Mwislamu, angefuatwa na Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1 Julai 1981. Kifungu cha 38 kinasema mzazi asiyeacha mume au mke wala wasia, mali yake hugawanywa sawa kwa watoto. Kila dada angepata 75,000. Awe ameolewa au la, awe aliishi na mama au mbali, haki ni ile ile.

Familia yako ikifiwa, fanya hivi

1. Izime simu ya marehemu na umkabidhi mtu mmoja mbele ya mashahidi. Usitumie PIN hata kama unaijua.

2. Pata cheti cha kifo. Kibali cha maziko peke yake hakitoshi kwetu wala mahakamani.

3. Tujulishe. Njoo na cheti cha kifo na kitambulisho chako, tufunge akaunti ili asitokee mtu wa kuichezea. Kufunga si kupoteza. Salio linabaki pale pale.

4. Nenda kwa chifu wa mahali alipoishi marehemu upate barua inayotaja warithi wote. Wote.

5. Peleka ombi mahakamani: Kadhi kwa Waislamu waliokubaliana, au mahakama ya kawaida. Kule mahakama ya kawaida, hati ya kwanza ya usimamizi kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi 6, na ndipo mali hugawanywa. Uliza usimamizi uandikwe kwa majina mawili ikiwa mmeshawahi kutoaminiana.

6. Rudi kwetu na hati ya mahakama na vitambulisho. Hapo ndipo tunapoweza kukupa stetimenti na kulipa pesa. Kabla ya hapo hatumwambii mtu salio la marehemu, hata awe mtoto wa kwanza. Tunajua inaudhi. Lakini ulinzi huo huo ndio unaokulinda wewe.

7. Chunguza kwingine: chama, sacco, benki, NSSF, na UFAA kwa *361#.

Na jihadhari na matapeli. Wanasoma matangazo ya vifo kama wewe. Akikupigia mtu kusema "kuna pesa za marehemu, tuma ada kidogo tuzifungue", kata simu. Sisi hatuombi PIN, na hatuombi ada kwa simu ili kulipa pesa za marehemu.

Kwa walio hai bado

Kama wewe ndiye mama katika hadithi hii, fanya jambo moja wiki hii. Chukua daftari uandike mahali pesa zako zilipo: laini gani, chama gani, sacco gani, nani anakudai na nani unamdai. Usiandike PIN. Kisha mwambie mtoto zaidi ya mmoja daftari liko wapi. Si lazima wajue kiasi, wajue tu kwamba lipo.

Na kama wewe ndiye unayetuma pesa nyumbani, usingoje msiba ndio uulize ziliendaje. Mkae na mzazi, yeye mwenyewe aombe stetimenti kwenye simu yake, muisome pamoja na yule ndugu anayemtunza. Ni dakika 10. Na ukiwa hapo, muulize yule ndugu yeye ametoa ngapi mfukoni mwake, maana hizo hazionekani kwenye simu ya mtu.

Dada wetu wa mfano wamepatana kiasi gani? Kiasi hiki: Jumamosi Mkubwa anavuka feri, mchana kweupe, na anakaa kwenye kile kiti cha plastiki karibu na karai. Bati la mama wamelibadilisha. Mambo mengine bado hawajayagusa. Lakini sasa, simu ya mmoja ikilia na jina la mwenziwe likaonekana, anaipokea.

Una swali kuhusu akaunti ya marehemu? Fika katika duka letu lolote au utupigie huduma kwa wateja. Mje wote ikiwezekana.