Tusikate Mkoko Kuuhifadhi Mkoko

Huko Gazi, pwani ya Kenya, akina mama wa kijiji wanayo njia ya mbao ipitayo juu ya tope la mikoko; kiingilio cha wageni husaidia shule na maji. Ndugu zetu wa Unguja nao wanayo Pete, jirani na Jozani. Sisi wa Bagamoyo tunayo mikoko ya Kaole na Ruvu, na mikono tunayo. Tope likikanyagwa ovyo, mizizi ipumuayo huumia. Basi wananchi tujitolee, na viongozi watoe mbao zisizotoka mikokoni. Lakini chumvi hula misumari: njia isiyo na fundi wa kuikagua hugeuka mtego. Kujitolea hakuishi siku ya uzinduzi, ndipo kunapoanza.